Namba 437 na jirani yake 439

Namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 huitwa tasa ikiwa haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Yenye kigawo kingine si tasa. 1 haimo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Mfano mzuri ni 437. Ni witiri, haiishii na 5, na jumla ya tarakimu zake, 14, haigawanyiki kwa 3. Kwa macho tu inaonekana tasa kabisa. Basi hujaribiwa namba tasa zinazofuata: 7 huacha baki 3, 11 baki 8, 13 baki 8 tena, 17 baki 12. Anayeishia hapo hukosea kwa hatua moja tu, maana 19 × 23 ni 437. Jirani yake 439 huacha baki hata kwa 19, na hakuna haja ya kuendelea: 21 × 21 ni 441, hivyo vigawo viwili vya kuanzia 21 zao lao lingeizidi. Ni tasa. Kwa namba yenye mamia ya tarakimu, njia hii huishinda hata kompyuta; mwaka 2002 Agrawal, Kayal na Saxena wa Kanpur, India, walionyesha njia ya haraka inayotoa jibu la uhakika bila kutafuta vigawo.