Dhahabu Isomeshe Watafiti wa Chanjo
Na Kabula Masanja

Msichana anayechanjwa shuleni hapa Kharumwa, mkoani Geita, leo anachomwa sindano moja tu kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 2018, chanjo hiyo ilipoanza kutolewa nchi nzima, zilikuwa dozi mbili. Serikali ilihamia dozi moja mwaka 2024, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na wazazi wengi hawajui kwamba sehemu ya ushahidi wa uamuzi huo ilipatikana jirani kabisa, Mwanza.

Ni utafiti wa DoRIS, ulioanza mwaka 2017 chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) Mwanza na watafiti wa London. Wasichana 930 waligawanywa: wapo waliopata dozi moja, wapo mbili, wapo tatu. Baada ya miaka miwili, karibu wote waliopata dozi moja walikuwa bado na kinga dhidi ya HPV aina ya 16, kirusi kinachoongoza kwa kuleta saratani hii. Kenya nayo ilikuwa na utafiti wake, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja.

Fedha za DoRIS zilitoka Uingereza na kwa mfuko wa Gates. Kabla yake, jaribio la chanjo lililofanyika Mwanza na Dakar liligharimiwa na GSK, yaani mtengenezaji wa chanjo yenyewe. Damu ni ya mabinti zetu. Maswali, kwa kiasi kikubwa, yanaamuliwa na anayelipa.

Nataka maswali hayo yaanze kuulizwa na vijana wa ukanda huu, waliosomeshwa hadi shahada ya uzamivu kwa fedha za dhahabu ya ukanda huu. Maswali yapo tele. Kinga ya dozi moja itadumu miaka mingapi kwa binti anayeishi na VVU? Kichocho na malaria, ambavyo kwetu ni vya kila siku, vinaigusaje chanjo? Hilo la pili lilikwishaguswa Mwanza, lakini halijaisha.

Sheria ya madini, tangu marekebisho ya 2017, inaitaka kampuni ya madini iandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii (CSR) na kukubaliana na halmashauri. Kwa kawaida hapo yanatajwa madarasa, madawati na zahanati. Najua kuna watoto wanaokaa chini, na sisemi madawati yaachwe. Lakini nchi hii hupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii kwa mwaka, na wanaokufa ni zaidi ya 6,000. Nafasi mbili tatu za uzamivu, katika chuo cha tiba cha Bugando au NIMR, zinastahili mstari wake katika mpango huo.

Mgodi una sifa moja ambayo mtengenezaji wa chanjo hana: hauuzi chanjo, hivyo haupati wala haupotezi kwa matokeo. Hata hivyo fedha zipitie Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), waombaji washindanishwe, na mwanafunzi awe na haki ya kuchapisha alichokiona bila kuomba ruhusa kwa mfadhili. Siku mmoja wao akitaka kupima zebaki au vumbi la mwamba kwenye mapafu ya wachimbaji, hapo mgodi utakuwa na maslahi, na haki hiyo ndiyo itakayomlinda.