Kiingereza cha Juma: "Amount to"



Juma hili tunajifunza maneno mawili yaliyomletea mwenzetu hasara. Mama huyu anauza vitenge. Alivuka mpaka wa Kasindi, akatanguliza pesa kwenye duka moja upande wa Uganda, akatia sahihi karatasi iliyosema: "Failure to collect the goods within 14 days amounts to cancellation of the order." Alipoona "amount" alikumbuka masomo ya zamani: ni kiasi cha pesa. Akafikiri akichelewa ataongeza pesa kidogo. Mtoto akaugua, siku 14 zikapita. Alipofika, vitenge vilikuwa vimeuzwa kwa mtu mwingine. Karatasi ilisema wazi: kutochukua mali kwa siku 14 ni sawa na kufuta komande.

Basi tushike vizuri. "Amount" peke yake ni kiasi. Likitumika kama kitendo, hufuatwa na "to", na maana zake ni tatu:

1. Kufikia jumla. "The debt amounts to 40 dollars": deni lote linafikia dola 40.

2. Kuwa sawa na. "Keeping quiet amounts to agreeing": kunyamaza ni sawa na kukubali. Hapa hakuna pesa. Waliosoma Kifaransa wakumbuke "revenir à".

3. Kuwa mtu wa maana. Mzazi mwenye hasira husema: "You will never amount to anything", yaani hutakuwa mtu kamwe. Tulifahamu neno hili, lakini tusimwambie mtoto, kwa lugha yoyote.

Baada ya "to" tunaweka jina, au kitendo chenye -ing: "amounts to stealing", si "amounts to steal".

Neno lenyewe lilitoka katika Kifaransa cha zamani, ukoo mmoja na "monter", kupanda. Hesabu inapanda mpaka inafika mahali fulani.

Kwa hiyo, mama, ukiliona kwenye karatasi, weka kalamu chini kwanza. Uliza: kitu gani kinahesabiwa kuwa sawa na kitu gani? Kama hujapata jibu, usitie sahihi.

Zoezi la kikundi: elezeni kwa Kiswahili, "Lending without a paper amounts to giving." Kisha mseme kama mnakubali. Majibu tutayasikia kwenye mkutano wa juma lijalo.