Kisaka Nako Kuna Macho

Kila inapozuka hadithi ya sinema katika visiwa hivi, mazungumzo huishia kwenye maombolezo. Huyu ataitaja Majestic, yule ataitaja Empire, na wa tatu ataikumbuka Cine Afrique, ambayo kabla ya Mapinduzi ya 1964 ilikuwa ikiitwa Sultana. Watatajwa wachezaji, zitaimbwa nyimbo mbili tatu, atalaaniwa mfanyabiashara aliyepanga sabuni pale palipokuwa na viti. Kisha watu hunyanyuka, hukung'uta kanzu zao na kuagana. Maombolezo si dhambi, lakini yakizidi huwa namna ya uvivu: aliyekufa hafufuki, na aliye hai hakai akazaa.

Mimi nakusudia kusema jambo jengine, na nalisema waziwazi ili atakayepinga ajue anapinga nini. Ikiwa nchi hii itafungua jumba dogo la sinema za sanaa, lisilo mali ya kampuni kubwa wala tawi la ofisi yoyote, lenye viti arubaini au hamsini, basi lisianzie Mji Mkongwe, wala Masaki ya Dar es Salaam. Lianzie Kisaka.

Najua kuna atakayecheka. Kisaka? Ndiyo, Kisaka ya mkoani Mara, upande wa Serengeti na Tarime, katika nchi ya Wakurya na Wangoreme, watu wa ng'ombe, wa ulezi na mtama, huko ambako harufu ya bahari haijapata kufika. Nacho kicheko hicho ndicho ninachotaka kugombana nacho, kwa sababu ndani yake mmejificha itikadi nzima: kwamba picha nzuri zina watu wake, nao ni watu wa mjini, waliosoma, wenye pasipoti, na kwamba mtu wa shamba akishapata mpira na picha za ngumi, keshapata haki yake.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Nikisema sinema ya sanaa sikusudii picha ngumu zilizotengenezwa ili kuwatesa watu. Nakusudia ile sinema inayomwamini mtazamaji: inayomwachia kimya akijaze mwenyewe, kama beti njema inavyomwachia msomaji. Msomaji wa jarida hili hahitaji kufundishwa jambo hilo. Amelijua tangu siku aliposikia fumbo la mshairi na asipewe jawabu.

Na kwa nini Kisaka? Kwa sababu ukanda ule umepakana na mojawapo ya ardhi zilizopigwa picha zaidi duniani. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek aliitoa filamu aliyoitengeneza huko pamoja na mwanawe Michael, kijana aliyekufa Januari ya mwaka huo huo ndege yao ilipoanguka kazini. Mwaka 1960 filamu ile ikapata tuzo ya Oscar, na hoja ya Grzimek ikaenea ulimwenguni: kwamba hifadhi isiwe na wakaazi, hata wenyeji wake. Tangu hapo kamera hazijakoma kwenda. Duma amepigwa picha akizaa, mamba akila, nyumbu akivuka mto kwa maelfu. Watu wa kando ya hifadhi ile wameijua kamera kwa upande mmoja tu, upande wa kuangaliwa. Na mara nyingi hata huo hawakuupata, maana walitolewa nje ya picha ili nyumbu wapite.

Ziwa nalo lina kisa chake. Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa filamu yake *Darwin's Nightmare*, iliyopigwa Mwanza, juu ya sangara na biashara yake. Ilizunguka katika majumba ya sinema ya Ulaya, ikateuliwa kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akailaumu hadharani. Wengine wakasema imeichafua nchi, wengine wakasema imesema kweli. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba mvuvi wa Kanda ya Ziwa ndiye aliyestahili kuwa hakimu wa kwanza wa picha ile, na hakimu haamui kesi asiyoisikiliza. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kweli, lakini lazima kwanza afunguliwe mlango.

Dharau ninayoipinga haikuanza leo, na ina nasaba yake. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa Waingereza wa kuwatengenezea Waafrika sinema za elimu. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, na fedha zake zilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Lori lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi, likionyesha picha za minyoo ya safura, za kilimo cha kahawa, na za faida ya kuweka akiba posta. Mwaka 1939 ikaundwa Idara ya Filamu ya Makoloni, na mkuu wake, William Sellers, akawa na nadharia yake: kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha zinazokatwa haraka haraka, kwa hivyo apewe picha nyepesi, za polepole, zenye jambo moja.

Mkoloni ameondoka, nadharia imebaki, na sasa inasemwa na sisi wenyewe. Msikilize mtu wa mradi anapopeleka projekta kijijini. Amebeba nini? Chandarua, choo, mbegu bora. Sivikatai; mtoto wa Kisaka anahitaji chandarua kama mwengine yeyote. Ninachokataa ni kwamba kila mwangaza unaopelekwa kijijini lazima uwe na fimbo ya mwalimu mbele yake.

Ushahidi dhidi ya Sellers uko hapa hapa tulipo. Jumba la Royal lilijengwa Vuga mwaka 1921. Lilipoungua likajengwa upya katika miaka ya 1950 kwa jina la Majestic. Katika miaka hiyo hiyo Raj Kapoor aliwaliza watu wa Unguja kwa *Awara*, filamu ya 1951. Waliokuwa wakilia wangapi walijua Kihindi? Kuli, mpishi, mshona kofia, walikaa wakafuata kisa cha mwana aliyekataliwa na baba, wakatoka nje wakijadiliana juu ya haki na nasaba hadi usiku wa manane. Watunzi wa taarabu wakazichukua tuni za Bombay wakazitilia Kiswahili. Hakuna aliyesema kwamba watu hawa wapewe kwanza picha za minyoo.

Tena sisi wa pwani tuna sababu zaidi ya kuwa na adabu katika jambo hili. Wapo waliosema vivyo hivyo juu ya ushairi: kwamba mtu wa bara hauwezi, kwamba vina na mizani ni vya aliyezaliwa akisikia mawimbi. Akatokea Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, akatunga, akazieneza ngonjera, na skuli nchi nzima zikazikariri. Na kutoka Butiama, ndani ya mkoa huo huo wa Mara, alitoka Julius Nyerere, aliyemleta Shakespeare katika Kiswahili mara mbili: *Juliasi Kaizari* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Mkoa uliotupa mfasiri wa Shakespeare tunauambia leo kwamba hauwezi kukaa na filamu ya saa moja na nusu?

Nitaambiwa kwamba vijiji vina sinema tayari: vile vibanda viitwavyo kibanda umiza, vyenye televisheni na mabenchi. Mimi siwadharau wenye vibanda. Wamethibitisha lile ambalo matajiri wa majumba hawakuliamini, kwamba mtu asiye na kingi atalipa kidogo alichonacho ili akae na wenzake gizani. Tena vibandani ndimo ilimozaliwa sanaa ambayo wasomi wetu waliicheka kabla ya kuisikiliza: sauti ya mtu anayeifasiri filamu kwa Kiswahili, akiongeza methali, akimtania jambazi, akimpa Mmarekani jina la Kitanzania. Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mimi ni mfasiri. Siwezi kumwita mtu wa aina ile mwengine ila mwenzangu.

Lakini kibanda kina mpaka wake. Kinaonyesha kile kilichokwisha kupendwa mjini, na sauti ya msimulizi hairuhusu kimya. Jumba ninalolisema litafanya kazi ambayo kibanda hakiifanyi: litachagua. Na maneno ya filamu yataandikwa chini ya picha kwa Kiswahili, na kwa asiyesoma pawe na msomaji anayejua wakati wa kunyamaza.

Hapo ndipo washairi wanapohusika. Maandishi ya chini ya picha hayana nafasi: mstari mmoja au miwili, sekunde chache, umekwisha. Mwandishi wa ripoti hushindwa hapo. Aliyezoea kuibana maana ndani ya mizani nane, akaitia kina na bado ikapumua, huyo yuko nyumbani kwake. Tumekuwa tukilalamika kwamba ushairi hauna kazi. Kazi ni hiyo.

Nini kionyeshwe? Nianze na *Touki Bouki* ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, ya mwaka 1973. Inaanza na kundi la ng'ombe na mtoto aliyepanda mgongoni mwa ng'ombe, na wanaishia machinjioni. Kisha tunamwona kijana kwenye pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe lenye pembe zake. Profesa atahitaji kitabu ili aelezwe pembe zile. Kijana wa bodaboda wa Kisaka hatahitaji. Pia *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Riwaya imesomeshwa katika skuli za sekondari za Bara. Filamu ilionyeshwa Toronto mwaka ule ule ilipotoka. Mwanafunzi aliyefanyiwa mtihani wa kitabu hastahili kuiona picha yake? Na zipo filamu bubu za zamani za Chaplin, zisizohitaji tafsiri yoyote; hizo zipigiwe litungu papo hapo ukumbini, na mpigaji alipwe.

Halafu nataka *Moolaadé* ya Ousmane Sembène, ya mwaka 2004, na hapa najua nimegusa jipu. Ni kisa cha mwanamke aitwaye Collé, anayewapa hifadhi wasichana wanaokimbia kukeketwa. Anafunga kamba mlangoni mwake na kijiji kizima hakithubutu kuivuka. Wazee, kwa hasira, wanazikusanya redio za wanawake na kuzichoma moto. Tarime na Serengeti wanalijua jambo hili kuliko Sembène mwenyewe. Sheria ya 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na bado wasichana wamekuwa wakikimbilia nyumba salama, ikiwamo ile ya Mugumu. Semina zimefanywa, fulana zimegawiwa. Filamu ile haigawi fulana. Inamweka mzee akae giza moja na mkewe na mjukuu wake, na taa ikiwashwa hawawezi kujifanya hawakuona. Watagombana? Na wagombane, kwa Kiswahili, kwa Kikurya, kwa Kingoreme. Ukumbi ambao watu wanatoka bila ya neno la kubishania haukuwa na haja ya kufunguliwa.

Mwisho kuna hoja ya mwenye huruma: maji kwanza, zahanati kwanza. Hoja hii haikuulizwa kilabu cha pombe kilipofunguliwa. Wala litungu halikungoja kisima ndipo lipigwe. Limepigwa miaka ya mvua na miaka ya kiangazi. Tena vitu vinavyohitajika si vya kutia hofu: projekta moja, spika mbili, paneli za sola na betri zake, ukuta uliopakwa chokaa nyeupe, pazia zito, viti vya plastiki. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka vibali, vibali viombwe. Wenye filamu wana haki zao. Haki zilipwe, hata kwa kiingilio kidogo, maana kujitegemea si kuiba.

Kwa hivyo neno langu ni kwa wasomaji wa kurasa hizi. Kila mmoja wenu mwenye kalamu achague filamu moja, aifasiri, aiweke tayari. Zikipatikana kumi na mbili, jumba lina mwaka wake wa kwanza, filamu moja kwa mwezi, kabla ya kupigwa tofali la kwanza. Hiyo ni kazi ya watu kumi na wawili tu, na wenye vina hapa wamezidi idadi hiyo. Atakayesema haiwezekani, na aseme. Lakini asiseme kwa niaba ya Kisaka.