Lenzi Ghali na Mji Usio na Wenyewe

Juu ya kilima baina ya Firenze na Siena, katika jimbo la Toscana nchini Italia, umekaa mji wa San Gimignano. Kuta zake za karne ya 13 zinauzunguka kwa yapata kilomita mbili. Ndani yake imesimama minara 14 ya mawe, mabaki ya ile 72 inayosimuliwa kuwa ilikuwapo siku za utajiri wake. Ni mji mdogo uliopigwa picha kuliko miji mingi inayouzidi mara kumi kwa ukubwa. Na katika picha hizo, hasa zile zinazosifiwa kuwa ni bora, kuna kitu kimoja ambacho ni nadra kuonekana, nacho ni mtu wa San Gimignano.

Hiyo si bahati mbaya, bali ni mafundisho. Wapenzi wa kamera wamejengeana imani kwamba picha ya kweli ya mji wa kale hupatikana kwa mambo mawili: lenzi ya daraja la juu, na subira ya kungoja njia iwe tupu. Mpiga picha huamka kabla ya alfajiri, akasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu katika uwanja wa Piazza della Cisterna, akangoja. Mwanamke akipita na kikapu, hangojewi afike, hungojewa apotee. Gari la mikate likisimama mbele ya duka, huhesabiwa kuwa ni uchafu. Kisha picha hukuzwa mpaka kila tofali lihesabike, na mwenyewe husifiwa kwa kuuonyesha mji kama ulivyo. Hapo ndipo uongo ulipo, na uongo huo hauponi kwa lenzi kuwa ghali.

Kwanza, lenzi yenyewe si shahidi mnyoofu kama inavyodaiwa. Picha mashuhuri ya San Gimignano ni ile inayopigwa kutoka mbali, mashambani, kwa lenzi ndefu, na minara ikaonekana imesongamana kama mianzi. Anayeingia kwa lango la San Giovanni huikuta minara hiyo imeachana, mingine imejificha nyuma ya mapaa. Msongamano ule umeletwa na umbali aliosimama mpiga picha: akiwa mbali mno, nafasi iliyopo baina ya mnara na mnara huwa ndogo sana ikilinganishwa na umbali huo, na lenzi huikuza hali hiyo tu. Kinyume chake, anayesimama chini ya Torre Grossa, mnara wa mita 54 uliokamilika mwaka 1311, akaiinua kamera juu, huuona mnara ukiinama nyuma. Zipo lenzi za bei kubwa zinazoteleza pembeni ili kuinyoosha mistari hiyo. Hakuna ubaya katika hayo. Lakini kila mara ni mtu aliyechagua pa kusimama, cha kunyoosha na cha kuacha nje. Ukali wa lenzi hauwezi kumfanyia mtu uchaguzi huo, wala kumwondolea dhamana yake.

Pili, utupu huu una historia, na historia yake si ya uzuri. Mwaka 1838 Daguerre alipiga picha ya barabara yenye shughuli nyingi mjini Paris. Kwa kuwa bamba lake lilihitaji dakika kadhaa za mwanga, waliokuwa wakitembea hawakushikwa. Alibaki mtu mmoja aliyetulia akipigwa viatu rangi. Barabara iliyojaa watu ikatoka tupu kwa sababu ya udhaifu wa chombo. Nyumba ya picha ya ndugu Alinari, iliyoanzishwa Firenze mwaka 1852, ikaieneza duniani sura ya Italia kwa mabamba makubwa, makanisa na majumba yakitazamwa uso kwa uso, na watu wakiwa haba. Leo kamera hushika picha kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Chombo kimepona udhaifu wake. Waliokirithi wameufanya udhaifu ule kuwa sheria ya uzuri.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, picha tupu huiibia San Gimignano kisa chake. Mji ule ulitajirika kwa mahujaji na wafanyabiashara waliopita katika njia ya Via Francigena kuelekea Roma, na kwa zafarani iliyouzwa mbali. Minara ilijengwa na koo zilizoshindana, kila moja ikitaka kumpita jirani. Dante, mshairi wa Firenze, husimuliwa kuwa alifika huko akiwa mjumbe, na ukumbi mmoja wa nyumba ya serikali ya mji ungali unaitwa kwa jina lake. Kisha ikaja tauni ya mwaka 1348. Watu walikufa kwa wingi, na mwaka 1353 mji ukawekwa chini ya mamlaka ya Firenze. Biashara ikafuata njia nyingine. Minara ambayo haikubomolewa ilisalia kwa kuwa hapakuwa na fedha za kujenga upya. Kinachoitwa utulivu wa zama za kati, basi, ni kovu la msiba. Na hata kovu hilo limepakwa rangi: katika miaka ya 1920 na 1930 baadhi ya majengo yalibanduliwa lipu na kuondolewa nyongeza za karne za baadaye, ili yafanane zaidi na zama zile zilizotamaniwa. Lenzi kali huonyesha jiwe lililofichuliwa wakati huo kwa uwazi wa ajabu, na mtazamaji akaamini kwamba anatazama karne ya 13. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Watetezi wa lenzi wana hoja moja ya haki, na hapana budi wapewe. Picha iliyo wazi ni hati. Mabamba ya zamani yamewasaidia wanahistoria na mafundi kujua jengo lilikuwaje kabla ya kuharibika au kubadilishwa. Michoro ya Benozzo Gozzoli katika kanisa la Sant'Agostino, iliyochorwa miaka ya 1460, inastahili lenzi bora kuliko zote. Lakini hati ya ukuta ni hati ya ukuta. Anayeiita hati ya mji amebadilisha jina la kitu, na katika kubadilisha huko wenye mji wamefutwa.

Wala si kweli kwamba ufundi na watu haviwezi kukaa katika fremu moja. Mwaka 1953 Paul Strand, Mmarekani aliyejulikana kwa ukali wa kazi zake, alikwenda Luzzara, mji mdogo wa bonde la mto Po alikozaliwa mwandishi Cesare Zavattini. Strand hakuwa mtu wa kuridhika na picha hafifu. Lakini alielekeza lenzi yake kwa wakulima, wazee na mafundi, na kwa mama mmoja aliyesimama mlangoni pamoja na wanawe, baiskeli ikiwa kando. Zavattini akakusanya maneno ya wenyeji wenyewe, na kitabu cha wawili hao, Un paese, kikatoka mwaka 1955. Katika picha ya mama yule ukuta wa nyumba umechakaa na chembe zake zote zinaonekana. Uwazi huo haukumfukuza mtu. Umempa heshima ya kutazamwa sawasawa. Basi lenzi haina hatia, mwenye hatia ni anayengoja watu waondoke.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Wanazijua tungo ambazo vina vyake havina dosari, mizani zimetimia hadi ya mwisho, na baada ya kusomwa hakuna aliyeguswa wala aliyeelimika. Hakuna anayesema kwamba vina ndivyo vilivyokosea. Kosa ni la mtungaji aliyedhani kwamba akishahesabu mizani amekwisha kusema. Lenzi ni mizani ya mpiga picha: humsaidia mwenye neno, haimtungii asiye nalo.

San Gimignano iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1990. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha hiyo hiyo mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Kwa hiyo mambo ya kilima kile cha Toscana si ya mbali kama ramani inavyodai. Mlango wa nakshi nao hupigwa picha ukiwa umefungwa, misumari yake ya shaba ikang'ara, na anayeufungua kila asubuhi asijulikane. Picha kama hizo zikizidi, mji huzoeleka machoni mwa dunia kuwa ni majengo tu, na anayetaka kuyageuza yote kuwa nyumba za kulaza wageni haulizwi wenyewe watakwenda wapi, kwani katika picha hawakuwamo tangu mwanzo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apotee.

Mpiga picha aje, na aje na lenzi bora aliyoweza kuinunua. Lakini mwanamke wa kikapu atakapotokea pembeni ya uwanja, asishushe mkono kumngoja apite. Hapo ndipo mji umeingia katika picha.