Mamlaka ya Msuluhishi wa Bima yamfikie mkulima

MFANYABIASHARA aliyekata bima ya duka lake, duka likiungua, hutarajia kulipwa fidia. Mara nyingine anachopata ni barua: taarifa ilichelewa, kumbukumbu za mali hazikuonekana, au janga hilo halimo katika hati ya bima. Hapo wengi hukata tamaa. Kesi inataka wakili, nauli na muda, na gharama zake huweza kuzidi hata fidia inayodaiwa.

Kwa watu wa namna hiyo, Sheria ya Bima Namba 10 ya mwaka 2009 ilianzisha huduma ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima nchini Tanzania. Msuluhishi hupokea lalamiko la mteja, husikiliza pande zote mbili, na mapatano yakishindikana hutoa uamuzi. Mlalamikaji halipi ada.

Nguvu ya Msuluhishi inatokana na sheria, wala si hisani ya kampuni za bima. Tofauti hiyo ni kubwa. Uingereza ilianza na usuluhishi wa hiari mwaka 1981, ulioanzishwa na kampuni zenyewe. Kampuni isiyotaka kujiunga haikulazimishwa. Sheria iliyopitishwa mwaka 2000 ilibadili hali hiyo, na tangu Desemba 2001 kampuni za bima zenye leseni huko zinawajibika mbele ya msuluhishi aliyewekwa kisheria. Mteja akikubali uamuzi wake, kampuni haina budi kuutekeleza. Akiukataa, mlango wa mahakama bado uko wazi kwake.

Hata hivyo, mamlaka yaliyoandikwa katika sheria hayamsaidii mkulima asiyejua kama yapo. Suala hili linazidi kuwa zito kwa kuwa bima ya mazao inaenea. Baadhi ya bima hizo hulipa kwa kufuata vipimo vya mvua au picha za setilaiti, bila mtu kufika shambani. Mkulima ambaye mahindi yake yamekauka anaweza kuambiwa kuwa kwa mujibu wa vipimo hapakuwa na ukame. Mgogoro wa aina hiyo unahitaji mtu wa tatu, mwenye ujuzi na mwenye nguvu ya kuamua.

Inafaa, basi, kila barua ya kukataa fidia iandikwe kwa Kiswahili chepesi, itaje kifungu cha mkataba kilichotumika, na imweleze mteja namna ya kumfikia Msuluhishi. Mawakala wanaouza bima minadani na katika vyama vya ushirika waeleze hayo siku ya kuuza, wasingoje siku ya janga.

Wakulima na wafanyabiashara nao wana wajibu. Watunze hati na stakabadhi, watoe taarifa mapema, na walalamike kwanza kwa kampuni kwa maandishi huku wakibaki na nakala. Haki isiyo na karatasi ni ngumu kuitetea, hata mbele ya msuluhishi mwenye meno.