Halloween Yenu Hainitishi

Kila mwaka ikifika katikati ya Oktoba simu yangu hujaa popo. Watu ninaowaheshimu, wasee wanaojua kuandika muziki, wanaosoma noti vile wewe unasoma ujumbe wa M-Pesa, wanageuka ghafla kuwa watoto wa Transylvania. Kinanda cha kanisa. Kengele ya mnara. Selo inayokwaruza huko chini kama mlango wa jumba bovu. Halafu, lazima, mbwa mwitu anayelilia mwezi. Kisha faili inatumwa na ujumbe mfupi: hiki ni kipande changu cha Halloween, nipeni maoni.

Maoni yangu ndiyo haya. Nimeyameza miaka mitatu, nikijibu "noma sana" na kuweka kile kiemoji cha moto, na leo nayatema.

Haitishi. Hata kidogo.

Tuanze na huyo mbwa mwitu. Mbwa mwitu wa Kiswahili, mwenye madoadoa na masikio ya mviringo, yuko huku kwetu, upande wa Samburu na Laikipia, na wala hana habari na mwezi. Sauti yake ni nyembamba, analialia kama ndege. (Kundi zima likilia hivyo alfajiri kabla ya kuwinda, amini usiamini, nywele zinasimama.) Aliyempa jina lake yule mnyama wa hadithi za Ulaya alikuwa mtafsiri aliyekosa neno. Nyinyi mmekosa nini?

Mimi si profesa. Nilitoka chuo kikuu mwaka wa pili. Karo iliisha na hamu ikaisha, sikumbuki ipi ilitangulia. Muziki wa noti nimejifunza kwa video na kwa MuseScore, programu ya bure, kwenye laptopu ambayo betri yake ilikufa zamani, kwa hivyo stima ikipotea Bula Pesa na mizani yangu kumi ya mwisho inapotea nayo. Selo sijawahi kuiona kwa macho hapa Isiolo. Vitu ninavyoandikia nyuzi havijawahi kupigwa na binadamu, vinapigwa na kompyuta. Kwa hivyo usinisome kama mtu anayeongea akiwa juu ya jukwaa. Niko chini hapa, nimekaa kwa jerikani.

Na wale mnaosema Halloween yote ni ya shetani, tulieni. Leo sijaja kwenu.

Nimekuja kwa wenzangu, kwa sababu muziki wenyewe naupenda. Muziki wa chemba, hilo neno halina ajabu, chemba ni chumba tu. Watu wachache, kila mmoja na sehemu yake, hakuna kondakta, wanasikilizana. Unguja wanaujua mambo haya tangu Ikhwani Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905: fidla, udi, kanuni, watu wamekaa, wanajibizana. Kwa hivyo usiniambie fidla ni kitu cha wazungu na mimi najifanya. Fidla imekaa kwenye pwani hii kuliko babu yako. Tatizo langu si chombo, na si kuazima. Tatizo langu ni kwamba mmeazima woga.

Hebu tuangalie wenyewe walifanyaje. Mwaka 1874 Camille Saint-Saëns, Mfaransa, alitaka Kifo kipige fidla makaburini. Alichofanya ni kuuteremsha uzi wa juu wa fidla kwa nusu sauti, ili fidla ianze ikiwa imeharibika tayari. Ule mwanya wa noti mbili unaotokea ndio Ulaya waliupa jina la ibilisi. Halafu akaleta zailofoni, ndugu ya marimba, isikike kama mifupa inagongana. Alifikiri. Aliuliza: kitu gani kikipinda kidogo tu, msikilizaji wangu hapa Paris atajua mambo si sawa? Nyinyi mnachukua jibu lake bila kuuliza swali lake. Mwanya wa ibilisi mnaubandika kila mizani ya pili kama stika kwenye matatu.

Au huyu John Carpenter, ambaye filamu yake ya mwaka 1978 imebeba jina la sikukuu yenyewe. Hii stori naipenda kwa sababu inahusu maoni. Kabla ya kutia muziki alimwonyesha filamu mtu mmoja wa kampuni kubwa ya sinema. Yule mtu akaitazama yote na kusema haimtishi. Si "noma sana", si moto. Haitishi. Carpenter akarudi kwenye kinanda, akachukua mapigo matano kwa mzani, mapigo ambayo baba yake alimfundisha utotoni kwa bongo, ndiyo, ngoma ya bongo, akatengeneza ile sauti ambayo mpaka leo ikipigwa mtu anaangalia nyuma. Mapigo matano yanatisha kwa sababu mguu wako unasubiri la sita na halikuji. Hilo ni jambo la mwili, halihitaji popo. Na lisingetokea kama yule mtu angekuwa na adabu zetu za mtandaoni.

Sisi tumeua maoni. Mtu anakutumia kazi ya wiki tatu, unasikiliza sekunde arobaini ukiwa kwenye bodaboda, unamrushia moto, naye kesho anakurushia wako. Hiyo ni chama ya kurudishiana pesa. Mnaogopana, ndiyo maana hamuwezi kuandika kitu cha kuogopesha.

Sasa nifike kwa kile kilichonifanya niandike haya.

Kuna kwarteti ya nyuzi ambayo kila mwaka iko kwenye zile orodha za muziki wa Halloween: *Black Angels* ya George Crumb, Mmarekani. Fidla mbili, viola na selo, zote zimeunganishwa na spika za umeme. Wapigaji wanasugua glasi zenye maji kwa upinde, wanagonga gongo, wananong'ona, wanapiga kelele. Sehemu yake ya kwanza, ile ya wadudu wa umeme, iliingia kwenye filamu ya *The Exorcist* ya mwaka 1973. Nilipoisikia mara ya kwanza ilikuwa usiku, earphone masikioni, nimelala chali. Katikati wale wapigaji wanaanza kuhesabu kwa sauti, kama watu wa tambiko. Wanahesabu kwa Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihungari, Kijapani. Na Kiswahili.

Nilikaa kitandani. Maze, nilicheka kwanza. Huko Michigan, mwaka 1970, watu wamevaa suti, wametetemeka kwa sababu mtu mwenye selo ametaja namba za nasari. Zile tulizoimbishwa na mwalimu tukiwa na kamasi.

Kisha kicheko kikaisha. Kwa sababu nilielewa hivi: kuna chumba duniani ambamo lugha yangu inafanya kazi ya jini. Simlaumu Crumb, kwanza alituweka pamoja na Wajerumani na Wafaransa, hakututenga. Na yeye hakuwa akicheza. Kwenye karatasi ya muziki ameandika kwamba ameimaliza Ijumaa tarehe 13, Machi 1970, na kando yake maneno ya Kilatini yenye maana ya "wakati wa vita". Vita ni Vietnam. Wale wadudu wa umeme si wadudu wa sherehe. Ile kwarteti inatisha kwa sababu nyuma yake kuna kitu kinachoua watu kweli, wiki hiyohiyo, na mwandishi anajua.

Nyuma ya popo wako kuna nini?

Na isitoshe, stori haiishii hapo. David Harrington alisikia *Black Angels* redioni, na ndiyo iliyomfanya aanzishe Kronos Quartet mwaka 1973. Kronos haohao mwaka 1992 wakatoa albamu ya *Pieces of Africa*, na ndani yake kuna kazi ya Justinian Tamusuza, jirani yetu wa Uganda, yenye jina la Kiganda lenye maana ya Njia ya Msalaba. Ukiisikiliza utasikia fidla zikicheza ngoma ya Kiganda bila kuomba ruhusa. Huyo ameazima vyombo vinne vya Ulaya na woga wake akaja nao mwenyewe. Mnaona tofauti? Inawezekana. Imeshafanyika, miaka thelathini na zaidi iliyopita, na mtu wa ng'ambo tu ya mpaka wa Busia.

Utaniambia: buda, punguza, ni sherehe tu, tunavaa vinyago Westlands na tunarudi nyumbani. Sawa. Vaa. Hata mimi ningevaa, sema huku Isiolo ukivaa shuka jeupe usiku na kusimama kando ya barabara ya Moyale dereva wa lori hatashtuka, atakuuliza unaenda wapi. Lakini wewe hukuniletea kinyago. Uliniletea muziki na ukaniomba maoni. Umeuita kazi. Basi nitausikiliza kama kazi.

Tarehe 31 Oktoba huku ina woga wake tayari, hauhitaji kuagizwa. Ni wakati watu wanaangalia mawingu. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na kwa Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Sasa niambie sauti ya hiyo. Si fidla inayopiga mayowe. Ni boma la asubuhi lisilo na sauti. Ni pampu ya kisima inayovuta hewa. Mwaka jana nilijaribu kuiandika na nikashindwa, kwa hivyo najua si rahisi, sisemi ni rahisi.

Mwaka huu nilijaribu kitu kingine. Fidla mbili, selo moja, na kengele ya ngamia. Kengele ya mbao, ile ya kuchongwa, yenye vigongo vya mbao ndani; sauti yake ni kavu, haiimbi, inagonga tu. Niliirekodi kwa simu kwa mzee mmoja anayeuza maziwa, yale yanayosafiri kwa basi mpaka Eastleigh. Nyuzi zinatembea polepole nyuma ya kengele, hakuna cha kushtua, mtu anaweza hata kusinzia. Halafu kengele inanyamaza. Nyuzi zinaendelea kidogo, zinagundua, zinanyamaza pia. Mizani minne ya kimya. Kisha nyuzi zinarudi peke yake.

Nilituma kwa wenzangu kumi na mmoja. Saba walirusha moto. Watatu hawajafungua mpaka leo, naona. Mmoja, huyu angalau alisikiliza, akaandika: "Noma sana, ila hapo katikati sauti imekatika, nadhani faili yako ina shida. Jaza hapo na kengele ya kanisa."

Akoo, nyanya yangu, alisikia kwa bahati mbaya. Alikuwa ameketi nje anachambua mchele na mimi nilikuwa naijaribu kwenye spika ndogo. Yeye hajui kwarteti wala Halloween. Kengele ilipoanza aliinua kichwa. Ilipokatika, mikono yake ikasimama kwenye ungo.

Alikuwa msichana mdogo wakati ule ambao Waborana wa Waso wanauita gaafa daaba, wakati wa kusimama. Kwenye vitabu unaitwa vita vya Shifta, 1963 mpaka 1967. Vitabu vina kurasa chache. Watu walikusanywa kwenye kambi, Garba Tulla, Merti, wakazungushiwa, na ngamia wakapigwa risasi au wakachukuliwa. Hayo niliyajua kidogo. Nilichokuwa sijui ni kwamba kabla ya kambi, walipokuwa wakijificha, familia yake ilijaza nyasi ndani ya kengele za ngamia ili askari wasisikie. Alinieleza hivyo bila kuniangalia. Kwamba kundi zima lilitembea usiku, unaona shingo zinapita mbele yako, na hakuna sauti. Kwamba baadaye nyasi zilitolewa na bado hakukuwa na sauti, maana hakukuwa na shingo.

Nikamuuliza, "Akoo, nikizime?"

Akasema nirudie pale. Nikarudia. Akasikiliza mpaka nyuzi zilipoingia tena, akatikisa kichwa na kurudi kwenye mchele wake.

"Mmerudi haraka sana," akasema. "Haikuwa fupi hivyo."

Usiku ule stima ilikuwepo. Nilifungua programu nikafuta zile nyuzi za mwisho nikasogeza kila kitu mbele. Mizani minne ya kimya ikawa kumi, kumi ikawa kumi na nane. Nimempigia tena mara mbili. Sasa iko ishirini na sita na bado anatikisa kichwa.

Faili nimeituma upya. Haina shida.