Chungu cha Mtori na Baridi ya Julai

Juma hili naomba tuyaache kidogo mambo makubwa, tuingie jikoni.

Sisi tukaao chini ya Mlima Meru hatuhitaji kuambiwa kwamba ni Julai. Mji wetu uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mlima wenyewe unapita mita 4,500. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka kutoka msituni, jua huchungulia adhuhuri kama mgeni mwenye haraka, na usiku joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 12. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wanapokuja huku, siku ya kwanza huyacheka masweta yetu. Siku ya pili huuliza soko la mitumba liko wapi.

Jioni moja ya majira kama haya nilitembelea nyumba ya mama mmoja. Ugali ulipokwisha kuiva, alilibeba jiko la mkaa kutoka barazani, akaliweka katikati ya chumba wanamolala watoto wake watatu. Akafunga dirisha, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa tambara. Nikamwambia, "Mama, jiko hili linaweza kuua." Akanitazama kwa heshima, akajibu, "Sawa, Baba. Na baridi je?"

Swali lile halijaniacha. Kukataza ni kazi rahisi. Kuonyesha njia nyingine ndiyo kazi. Lakini kukataza nako hakuna budi. Mkaa unaowaka bila moshi hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala aweza asiamke kabisa. Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Ukimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, mtoe nje penye hewa safi kwanza, kisha mkimbize hospitalini.

Sasa nirudi kwenye swali la yule mama. Maoni yangu ni kwamba vita ya baridi inaanzia katika chungu. Mtoto aliyekula chakula cha moto na kizito, akajifunika vizuri, halali sawa na yule aliyelala na chai ya rangi na kipande cha mkate. Nasi wenyeji wa mlima huu tunacho chakula hicho tayari: mtori.

Kosa letu ni kwamba mtori tumeufanya chakula cha mama aliyejifungua, au cha harusini na kipaimara. Siku za kawaida tunasema hatuna muda. Baba na mama hushuka kwenye daladala saa moja usiku, wamechoka, nao hununua chipsi kando ya barabara. Siwalaumu. Mnakumbuka Esau katika kitabu cha Mwanzo, aliyerudi kutoka porini akiwa hoi kwa njaa, akauza haki yake ya uzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Mwenye njaa hapati nafasi ya kuchagua vema. Dawa ni kuchagua mapema, asubuhi, kabla njaa haijafika.

Hapa ndipo panapoingia kikapu. Nchi za wenzetu wana vyungu vya umeme vinavyopika polepole kutwa nzima. Sisi tunaweza kupata kazi hiyohiyo bila umeme. Chukua kikapu kikubwa au boksi gumu, ulijaze pande zote na chini blanketi kuukuu, vipande vya sponji au majani makavu ya migomba, ukiacha shimo la kutosha sufuria. Chakula kikishachemka sawasawa, sufuria yenye mfuniko mzuri huingia humo, hufunikwa kwa mto mzito, na joto lililokwisha kuingia huendelea kupika. Mkaa unaokoleka ni wa saa nyingi.

Kwa mtori fanya hivi. Nunua kilo moja ya nyama ya ng'ombe yenye mifupa, ikatwe vipande vidogo. Ichemshe kwa chumvi, kitunguu na tangawizi kwa muda wa nusu saa, maji yakitokota kweli, kisha iweke kikapuni saa tatu au nne. Ukirudi, menya ndizi mshare kumi au kumi na mbili. Paka mafuta mikononi ili utomvu usigande, na uzitumbukize katika maji zisiwe nyeusi. Rudisha sufuria motoni, tia ndizi, zichemke mpaka ziwe laini. Toa nyama pembeni, ziponde ndizi kwa mwiko ndani ya supu yake, kisha rudisha nyama na uongeze siagi au maziwa kidogo. Uzito wake uwe wa uji, si wa ugali.

Tahadhari mbili. Kwanza, chakula kisikae kikapuni mpaka kikawa vuguvugu, maana hapo vijidudu huanza kazi. Kichemshe tena kabla ya kula. Pili, ukipika makande, maharage yaliyolowekwa usiku kucha yamwagwe maji, yachemshwe kwa nguvu walau dakika kumi ndipo yaende kikapuni. Maharage mekundu yana sumu ambayo moto hafifu hauiondoi. Na huku kwetu mwinukoni maji huchemka karibu nyuzi 95, si 100, ndiyo maana maharage yetu huchukua muda mrefu kuliko ya pwani.

Najua kuna watakaosema kikapu ni mambo ya kimaskini. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ni lengo jema, na mwenye uwezo wa gesi au umeme asisubiri. Lakini mwenye mtungi wa gesi naye huogopa kuumaliza kwa sufuria moja ya nyama ngumu. Kikapu kitamsaidia yeye pia. Hekima ya kutunza joto haina tajiri wala maskini.

Neno kwa akina baba na vijana wa kiume. Mila zetu zilimtaka mume ahakikishe nyama ya supu ya mkewe aliyejifungua inapatikana. Hakuna mila niijuayo inayosema mkono wa mwanamume utavunjika ukishika mwiko. Kuchemsha nyama nusu saa kabla ya kutoka kwenda kazini si kazi ya kumshinda mtu.

Yule mama nilimrudia baada ya juma moja, mkononi nikiwa na boksi na blanketi kuukuu. Alicheka sana kumwona padre akieleza habari za kupika. Hata hivyo Jumamosi ile alikwenda soko la Tengeru kununua mshare, na jiko likabaki barazani usiku. Watoto walilala watatu chini ya mablanketi mawili, matumbo yao yakiwa na moto.

Basi jioni hii, kabla ya kufunga mlango, tazama jiko lako liko wapi. Na kama mtori umebaki bakuli moja, yupo bibi jirani anayeishi peke yake. Mpelekee ungali moto.